Gemu tulivu kabla ya kulala: zinaleta usingizi au zinauchelewesha?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Hoja hii kila nikiisikia ikijadiliwa, watu wanarushiana maneno bila kuambiana wanazungumzia nini hasa. Wapo wanaosema chochote chenye kioo kizimwe saa nzima kabla ya kulala, basi. Wapo wanaojibu kwamba kichwa hakizimwi kwa amri: mwache mtu amwagilie shamba lake la kwenye skrini nusu saa, mawazo ya kutwa yatatulia na usingizi utakuja wenyewe.

Naongelea gemu tulivu. Kulima, kuvua samaki, kupanga vyombo kabatini, kuosha kuta kwa bomba, kuunganisha picha. Za risasi na mbio za magari tuziache nje.

Msimamo wangu nautoa mapema: gemu tulivu haimnyimi mtu mzima usingizi kwa mwanga wake. Inamnyima kwa kutoisha.

Tuanze na mwanga, maana ndio unaotajwa kuliko yote. Utafiti unaonukuliwa sana ni ule uliochapishwa Marekani mwaka 2015, ambapo watu 12 walisoma kwenye tableti jioni kadhaa, na jioni nyingine wakasoma kitabu cha karatasi. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, ilichelewa kwa takriban saa moja na nusu. Inatisha, hadi usome walivyofanya: saa 4 mfululizo mbele ya tableti iliyowashwa mwanga wote, ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Na pamoja na hayo yote, walichelewa kupata usingizi kwa kama dakika 10 tu. Sasa mtu anayecheza nusu saa kwenye simu aliyoipunguza mwanga anaingiaje hapo? Hata ile mipangilio ya kuifanya skrini iwe ya manjano usiku ilipimwa mwaka 2021 kwa vijana 167, na kwa ujumla wao haikuonyesha tofauti yoyote.

Kinachokula usiku ni muda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, mwaka 2010 waliwachezesha vijana 13 gemu ya vita kwa dakika 50 kabla ya kulala, na usiku mwingine wakawaonyesha filamu ya pengwini. Baada ya gemu walichukua kama dakika 7 na nusu kusinzia, baada ya filamu dakika 3. Hiyo ni gemu ya vita, jamani, na tofauti haifiki dakika 5! Lakini mwaka 2013 ukafanyika mwingine wa aina hiyo, vijana wakacheza dakika 150 badala ya 50, na wakapoteza karibu nusu saa ya usingizi.

Chukua Stardew Valley, gemu ya shamba inayosifiwa kwa utulivu kuliko karibu zote. Siku ya ndani yake huanza saa 12 asubuhi na kukatika saa 8 usiku. Kwa saa ya ukutani ni kama dakika 14. Kwenye kompyuta gemu inasevu pale mhusika wako anapopanda kitandani. Yaani ili usipoteze kazi yako lazima umlaze. Ukimlaza unaonyeshwa mapato ya siku, gemu inasevu, na papo hapo kunakucha: mimea imerefuka, pengine sanduku la barua linacheza. Sehemu pekee nzuri ya kuachia ndiyo hiyohiyo unayopewa asubuhi mpya bila kuiomba. Mhusika amelala usingizi wake, wewe umekodoa macho.

Karibuni. Hoja ijibiwe kwa hoja.

Jicho la Bundi:

Mkuu, mwanga umeuruka kama dimbwi. Kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna seli zenye melanopsini, protini inayohisi mwanga, ambazo kazi yake kubwa si kuona picha, ni kuipa taarifa saa ya ubongo kwamba kumekucha au kumekuchwa. Zinaitikia zaidi mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 480, na skrini inao.

Kosa lako ni kutegemea wastani. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa watu 55 waliopimwa mmojammoja: ni mwanga wa kiasi gani jioni unatosha kuipunguza melatonini kwa nusu. Kati ya mwenye jicho jepesi kabisa na mwenye jicho gumu kabisa, tofauti ilizidi mara 50. Mara hamsini! Kuna mtu humu taa ya kawaida ya sebuleni inamfukuzia usingizi, na mwingine unaweza kumulika usoni kwake na bado akakoroma. Dakika 10 za wastani hazimwambii kitu yeyote kati ya hao wawili.

Halafu si wote wanaochezea kwenye simu. Konsoli, ile mashine ya gemu, inaunganishwa kwenye televisheni ya ukuta mzima.

Zamu ya Usiku:

Mimi nafanya kazi wodini, zamu ya usiku. Kulala kwangu ni saa 3 asubuhi. Nikitoka nje jua linanipiga usoni kwa zaidi ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaokufikia), ndipo nifike nyumbani mtu aniambie simu niliyoipunguza mwanga ndiyo itakayoharibu saa ya mwili wangu. Simu hiyo hata luksi 100 haifikishi usoni.

Tatizo langu ni kichwa. Ukitoka zamu mbaya, ile milio ya mashine inaendelea masikioni hata ukiwa umeshaoga na umefunga mapazia. Unaona mkono wa mgonjwa, unajiuliza kama ile dripu uliifunga. Ukifumba macho ndiyo inazidi. Hapo ushauri wa «pumua taratibu, usishike chochote» kwangu ni kuachwa peke yangu na yale niliyoyaona.

Nacheza Tetris, ile ya kupanga vipande vinavyodondoka, taratibu, sauti nimezima. Najua kuna utafiti wa mwaka 2000 uliogundua kuwa wanaocheza gemu hiyo huona vipande vikidondoka wakati wanasinzia, na hata baadhi ya wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, wasiokumbuka kabisa kwamba walicheza, nao waliviona. Kuna atakayeuleta hapa kama ushahidi kwamba gemu inaingia kichwani isikotakiwa. Mimi ndicho ninachokitaka! Kitakachoonekana nikisinzia kiwe vipande vya rangi, kisiwe uso wa mgonjwa.

Msomaji Mkongwe:

Vitabu vipo. Havina betri.

Jicho la Bundi:

Mkuu, riwaya ya upelelezi ndiyo iliyonipeleka kazini na macho mekundu mara nyingi kuliko gemu yoyote. Sura nayo inaishia pabaya makusudi.

Mama Mapacha:

Nimewasikiliza. Watu wazima wote, kila mmoja anajitetea mwenyewe. Watoto je?

Jopo la wataalamu wa National Sleep Foundation, taasisi ya Marekani ya masuala ya usingizi, lilitoa kauli mwaka 2024. Kwa watoto na vijana walikubaliana kwamba matumizi ya skrini yanadhoofisha afya ya usingizi, na kwamba kinachotazamwa kabla ya kulala nacho kina madhara yake. Kwa watu wazima hawakufikia makubaliano hayo. Sasa mtoto haoni «gemu tulivu», anaona baba anaruhusiwa na yeye hapana. Wangu wananiuliza kila usiku, na mwenzangu yuko pale pale kochini anavua samaki wa kwenye skrini.

Na msiniambie serikali ziingilie. Korea Kusini ilifanya hivyo kuanzia mwaka 2011: aliye chini ya miaka 16 alifungiwa gemu za mtandaoni kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sheria ikafutwa, ikakoma mwaka 2022 ulipoanza. China nayo mwaka 2021 iliwapa walio chini ya miaka 18 saa moja tu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Saa yenyewe ni ipi? Saa 2 hadi saa 3 usiku. Yaani kati ya saa zote za siku, waliyoachiwa ni ileile ya kuelekea kitandani. Kama kuna mtu anaweza kunieleza mantiki yake, namkaribisha.

Mleta mada:

Mama Mapacha, hiyo ya China sikuwahi kuitazama hivyo, na siwezi kuitetea. Kwa watoto sina ubishi na wewe. Ndiyo maana niliandika «mtu mzima». Ila samaki wa mwenzako mnaweza kuwahamishia chumba kingine.

Bundi, nakubali wastani unaficha watu. Lakini mwenye jicho jepesi tatizo lake linaanza na taa ya sebule kabla hata hajashika gemu, kwa hiyo bado si hoja dhidi ya gemu.

Zamu ya Usiku umenipa jambo nililolikosa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifuatilia wachezaji zaidi ya 8,000 wa PowerWash Simulator, ile ya kuosha uchafu kwa bomba la maji. Mtu aliulizwa hali ya moyo wake katikati ya mchezo. Walikadiria kwamba karibu 72% ya wachezaji hupata nafuu ya moyo, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo huja ndani ya dakika 15 za mwanzo. Hawakupima usingizi, kwa hiyo tusiuvute utafiti huo mahali usipofika. Lakini ukikubali kwamba tunachokitafuta usiku ni kutuliza moyo, basi dakika 15 zimeshakupa karibu chote. Saa mbili zinazofuata unazilipia nini?

Zamu ya Usiku:

Dakika 15 sawa. Tetris yangu hujifunga yenyewe kwa sababu vikijaa hadi juu nimeshindwa, na nikishindwa mara moja nazima. Wenye mashamba ndio hawana pa kushindwia.

Nauliza Tu:

Basi tajeni gemu zenye mwisho, maana maneno yamekuwa mengi.

Mleta mada:

Unpacking, ya mwaka 2021: unatoa vitu kwenye maboksi na kuvipanga, nyumba ikikamilika umemaliza hatua, na kati yake hakuna kelele wala saa inayokukimbiza. Sudoku moja, ya kiwango cha kati; ngumu inakuamsha. Picha ya kuunganisha yenye vipande vichache. Karata za kucheza peke yako, mchezo mmoja, ushinde usishinde. Za mashamba zihamishie mchana wa Jumamosi.

Nauliza Tu:

Na Wordle, ile ya kubahatisha neno? Neno jipya ni moja tu kwa siku.

Jicho la Bundi:

Hiyo neno jipya linatoka saa 6 kamili usiku. Nawajua watu wanaokaa macho wakilisubiri.