Nimeitwa kuwa mtafiti wa kipindi cha vichekesho vya siasa, mkataba una kifungu kinaninyima usingizi. Naombeni ushauri

KalamuBubu

Wakuu, habari zenu.

Niko chumba cha habari mwaka wa saba sasa, dawati la siasa. Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na watu wanaoandaa kipindi kipya cha televisheni, vile ambavyo mtangazaji anakaa mezani, anazichambua habari za wiki kwa kejeli, halafu anamkaribisha mgeni. Wananitaka niwe mtafiti. Kuchekesha si kazi yangu, mimi hata nikipewa maiki harusini watu hushika simu zao. Nitachimba klipu za zamani na kuhakikisha kinachosemwa ni kweli.

Kabla ya kusaini wakaniambia nije nikae nao siku moja, siku ya kurekodi kipindi cha majaribio. Meza ndefu, watu sita, ubao umejaa maneno yaliyofutwa nusu. Mwandishi mkuu ni dada mmoja mtaratibu ambaye akicheka hutoa pumzi puani tu, basi. Utani mkubwa wa siku ile ulikuwa wa mheshimiwa mmoja aliyezindua daraja lilelile mara tatu. Klipu tatu, mkasi uleule, tabasamu lileile. Skripti ilikuwa imeshapita, wanasubiri kuingia studio.

Nikaomba niziangalie zile klipu. Ya tatu nikairudia mara nne. Vyuma vya pembeni vilikuwa na umbo jingine na chini hapakuwa na mawe. Nikasema, "Samahani jamani, hili la tatu ni daraja jingine."

Kimya. Mtangazaji akaweka kalamu chini, akatoka nje. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu. Nikajua kazi nimeikosa kabla sijaianza. Yule dada akaniuliza, "Hilo jingine linaenda wapi?" Nikaisogeza klipu mpaka pale kamera inapogeuka. Nyuma ya utepe daraja linaishia kwenye majani. Barabara hakuna. Tulipotafuta zaidi tukakuta taarifa ya mradi: daraja limekamilika, barabara haijaanza. Utani ukageuka kuwa daraja moja lilizinduliwa mara mbili na jingine limezinduliwa kwa ajili ya mbuzi. Ukumbi ulicheka kuliko ule utani wa mwanzo ungeweza kuwachekesha. Niseme ukweli, sijawahi kuifurahia kazi namna ile tangu niajiriwe.

Sasa shida. Mkataba una kifungu kinachosema mtafiti "atawajibika kwa usahihi wa taarifa zote" na "ataifidia kampuni hasara yoyote itakayotokana na madai ya mtu mwingine". Pili, mkataba ni wa vipindi 13 tu. Tatu, mhariri wangu ananiambia nikienda huko mlango wa uandishi wa habari umefungwa, hakuna chanzo atakayenipokelea simu tena. Na la nne ni dogo lakini linaniuma: jina langu litapita mwisho wa kipindi, na mama mkwe wangu ni mwanachama damu wa chama ambacho kitakuwa kinachekwa kila wiki.

Mshahara ni mzuri kuliko ninaoupata sasa. Naomba kuwasilisha.

Kiroboto

Ukikataa niunganishe mkuu. Mimi nachekesha hadi msibani.

MamaSkripti

Mdogo wangu, nimekaa kwenye chumba cha waandishi wa kipindi kama hicho miaka minne, nikiwa mwandishi, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Kwanza ondoa fikra kwamba kipindi ni cha yule anayeonekana. Dunia nzima inajua Jon Stewart na The Daily Show, kipindi cha kejeli za habari cha Marekani, lakini Stewart alianza kukiendesha mwaka 1999. Kipindi kilianza 1996, kikibuniwa na wanawake wawili, Lizz Winstead na Madeleine Smithberg. Watu wangapi wanawataja? Na ukitaka kujua kipindi kinasimama juu ya nani, angalia tarehe 2 Mei 2023 waandishi wa Marekani walipogoma. Tamthilia ziliendelea kuonekana kwa miezi kwa sababu zilikuwa zimesharekodiwa. Vipindi vya vichekesho vya usiku vilizimika siku ileile. Mtangazaji yupo, meza ipo, taa zipo, maneno hayapo. Mgomo ulikwenda siku 148.

Sasa kuhusu kifungu chako. Kwetu mtafiti alikuwa kijana makini sana. Aliandika kwenye skripti kwamba bwana fulani "ameshtakiwa" kwa wizi, akaipitisha, akaenda nyumbani saa kumi na mbili kwa sababu mtoto alikuwa anaumwa. Mtangazaji akiwa anapakwa poda akaona "ameshtakiwa" halina uzito mdomoni. Akasema "amehukumiwa". Hakuwa na nia mbaya, alisikiliza mdundo wa sentensi tu, waigizaji ndivyo walivyo. Msomesha skripti akabadilisha kwenye kioo cha kusomea, ikarekodiwa, ikahaririwa, ikaenda hewani. Jumatatu barua ya wakili ikaja. Unafikiri wa kwanza kuitwa ofisini alikuwa nani?

Kwa hiyo mshahara weka pembeni kwanza. Waulize: baada ya mimi kupitisha skripti, nani ana ruhusa ya kuigusa? Wakikujibu "sisi hapa ni familia", kimbia. Nadhani kila aliyewahi kudhulumiwa kazini ameshaisikia hiyo ya familia.

Mzee_wa_Pembeni

Mhariri wako anasema kweli na watu humu watakupamba tu. Nimeongoza dawati miaka mingi. Mwandishi akishakwenda kwenye mizaha, waziri hakupi habari, anakupa tabasamu. Ukirudi baada ya vipindi 13 utaanza moja. Na hivi vipindi vina tabia ya kuwafanya watazamaji wadhani wamefanya kitu kwa sababu wamecheka. Bora ubaki ulipo.

FundiTaa

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo nakataa. Last Week Tonight ya John Oliver, kipindi cha Marekani cha aina hiihii, tangu ilipoanza 2014, imekuwa ikiajiri watafiti waliotoka kwenye uandishi wa habari, tena kwa sababu ya uandishi wao. Mada moja inafanyiwa kazi kwa wiki kadhaa. Kuna magazeti yanayotoa habari ya ukurasa wa kwanza kwa simu mbili na kikombe cha chai. Bassem Youssef, mchekeshaji wa siasa wa Misri, alikuwa daktari wa upasuaji wa moyo alipoanza kurekodi video zake za mtandaoni mwaka 2011. Kama mpasuaji alihama na akaeleweka, mwandishi wa habari je?

Mimi ni mtu wa taa, sijui kuandika, ila nimeshika nyaya kwenye vipindi viwili vya aina hii. Ukiona majina yanapita haraka mwisho wa kipindi ujue nusu yao hata hawana mkataba wa maana. Vya vikaragosi ndiyo balaa. XYZ Show ya Kenya, aliyoianzisha mchora katuni Gado mwaka 2009, au ile Spitting Image ya Uingereza ya mwaka 1984, mtazamaji anaona sura moja ya rais inacheza. Nyuma yake kuna aliyechora, aliyefinyanga, aliyemimina mpira, aliyeshona koti, anayeingiza mkono, na sauti ni ya mtu mwingine kabisa. Rais akiwa mmoja, mafundi ni saba.

Halafu vipindi hivi vinakufa ghafla. Cha Youssef kilifungwa Juni 2014 kikiwa kinatazamwa kuliko karibu chochote nchini kwake. Julai 2025 kituo cha CBS cha Marekani kilitangaza kwamba kipindi cha usiku cha Stephen Colbert kingefungwa Mei 2026, kikataja sababu za kifedha, watu wakabishana mpaka wakachoka kama ni fedha kweli. Mtangazaji akifungiwa ana jina, atasimama jukwaani kwingine. Mshika taa na mtafiti wanarudi nyumbani. Hizo 13 uulize zinalipwa zote hata kipindi kikizimwa cha tatu?

Mzee_wa_Pembeni

Marahaba. Hoja ya malipo nakubali. Ya chai sijaipenda.

WakiliZamu

Naomba nijikite kwenye kifungu, maana wengine mmezungumza vizuri. Sheria za kashfa, yaani za kumchafulia mtu jina, zinatofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo kabla hujasaini mpelekee wakili wa kwenu. Ila mantiki ni hii.

Utani una sehemu mbili. Kuna ile inayoonekana wazi kuwa ni chumvi, "daraja la mbuzi", na kuna taarifa iliyoubeba, kwamba daraja fulani lilizinduliwa tarehe fulani na fulani. Sehemu nyingi ya kwanza inapata ulinzi mpana kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeamini mbuzi walikata utepe. Ya pili hailindwi na kicheko hata kidogo. Kwa hiyo wakikwambia "usiogope, hiki ni kipindi cha vichekesho", wanakuchekesha wewe.

Na hata ukiwa sahihi, kesi ni gharama. Mwaka 2017 kampuni ya makaa ya mawe ya Bob Murray ilimshtaki John Oliver pamoja na HBO, kituo kinachorusha kipindi chake. Mahakama iliitupa mwaka uliofuata. Oliver mwenyewe alikuja kueleza hewani mwaka 2019 kwamba kujitetea kuligharimu zaidi ya dola 200,000 na ada ya bima yao ya kashfa ikapanda mara tatu. Hao walishinda! Sasa soma tena kifungu chako: "hasara yoyote itakayotokana na madai". Hakisemi madai yaliyothibitishwa. Mtu akifungua kesi ya kipuuzi na kampuni ikalipa mawakili, hiyo ni hasara, na kwa maandishi hayo wewe ndiye wa kuifidia. Kwa mshahara wa mtafiti.

Omba hivi. Neno "ataifidia" litoke kabisa. Uwajibikaji wako ubaki kwenye uzembe mkubwa au kudanganya kwa makusudi. Jina lako, au angalau cheo chako, kiingizwe kwenye bima ya kipindi. Na kila skripti unayoipitisha iwe na tarehe, saa na saini yako kwenye nakala yenyewe, nakala moja ubaki nayo. Yule kijana wa MamaSkripti angekuwa na karatasi yenye "ameshtakiwa" na saa, angelala vizuri.

KalamuBubu

Asanteni sana wakuu. Mama, hiyo ya poda imenipa baridi, kwa sababu siku ile ya daraja nilimwona mtangazaji akibadilisha maneno mawili akiwa amesimama koridoni na hakuna aliyeshangaa.

Swali kwa wakili. Je, nikidai niwe na mamlaka ya kusimamisha kitu kisiende hewani, ni kujikweza? Naogopa wataona mgeni kaja na masharti.

WakiliZamu

Dai. Anayebeba lawama ya gari lazima aguse breki. Wakikataa breki, basi na lawama ibaki kwao. Chochote kati ya hivyo viwili kinakubalika. Usichoweza kukubali ni lawama bila breki.

MamaSkripti

Naongeza moja. Omba ukae mpaka uhariri uishe, si mpaka kurekodi. Kwenye chumba cha uhariri wanakata sekunde nne ili kipindi kiingie kwenye muda, na mara nyingi zinazokatwa ni zile ulizopigania, "kwa mujibu wa taarifa ya mradi" au "yeye mwenyewe anakanusha". Mhariri wa picha hana ubaya, kwake hizo ni sekunde nne zisizochekesha. Na yule mwandishi mkuu anayecheka puani, mshike. Mtu aliyeuliza "linaenda wapi" wakati wenzake wamenuna ndiye wa kufanya naye kazi.

KalamuBubu

Mrejesho baada ya siku tisa.

Niliwapelekea orodha yote kwa maandishi. Meneja alikunja uso, akasema hakuna mtafiti aliyewahi kuuliza hayo. Nikamjibu kwamba hicho ni kipindi chao cha kwanza. Yule dada akatoa pumzi puani.

"Ataifidia" limetoka. Bima wameniongeza, nimeiona barua. Vipindi 13 vitalipwa hata kikizimwa, ila kwa nusu kuanzia pale kitakapoishia. Breki wamekataa. Yule dada aliniita pembeni akaniambia hata yeye hana, mwenye breki ni mkurugenzi wa vipindi wa kituo, na huyo huwa anaikanyaga kwa sababu zake mwenyewe ambazo hazihusiani na usahihi. Tulichopata ni kwamba hakuna neno litakalobadilishwa baada ya saini yangu bila mimi kuitwa, na nitakaa mpaka uhariri uishe. Kimeandikwa kwa kalamu pembeni ya mkataba, pande zote zimetia saini.

Nimesaini Alhamisi. Mhariri wangu nilipomuaga alinipa mkono kwa ubaridi, halafu kwenye ngazi akaniuliza kama ninazo zile klipu za daraja, anataka kumtuma mtu aende aandike habari yake.

Mzee_wa_Pembeni

Hahaha. Mwambie akutaje kwenye habari hiyo. Kila la heri kijana.

Kiroboto

Na mama mkwe?

KalamuBubu

Hajui bado. Kipindi kinaanza mwezi ujao na amenunua televisheni kubwa juzi.