Naomba ushauri: mafunzo kwa walezi wa watoto wenye VVU, Lamu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Tunaandaa mafunzo kwa walezi wa Faza na Kizingitini, wengi wao mabibi wanaolea wajukuu.

Dolutegravir ya watoto, kidonge cha miligramu 10 cha kudhibiti VVU, huyeyushwa kwa mililita 5 hadi 10 za maji safi na kunywewa ndani ya nusu saa. Kisha kikombe kisuuzwe kwa maji kidogo, mtoto ayanywe pia, maana dawa hubaki chini. Wa kilo 6 hadi 9.9 hupewa kidonge kimoja na nusu, akifika kilo 10 ni viwili. Hapo ndipo panapoharibika: uzito unapanda, mlezi anashikilia kipimo cha zamani, dawa haitoshi mwilini na virusi vinazoea kuihimili. Kwa mlezi asiyesoma, mmetumia nini? Kadi ya picha inaeleweka, lakini mgeni akiiona ukutani siri imetoka.

Zito zaidi ni kumwambia mtoto kuwa ana VVU. Inafaa aelezwe kidogo kidogo tangu miaka 6 hivi, ajue yote kabla ya 12. Bibi akisema "hizi za kifua", mtoto akikua na kifua hakimuumi, huziacha. Tunataka walezi waigize mazungumzo hayo wawili wawili. Je, mlezi aanze kwa kuigiza mtoto au yeye mwenyewe? Wanaume tuwafundishe pamoja na wanawake, au mbali mbali? Tafadhali waliowahi kufundisha visiwani watujibu, hata kwa ufupi.