Mjadala: Timu za ligi kuu ya Uganda ziwe za kampuni au za tajiri mmoja?

Mtu wa Arua
Naomba tulijadili hili bila matusi. Hapa Arua tulipata kuwa na timu mbili ligi kuu kwa pamoja. Onduparaka ilipanda 2016, timu ya jamii, na siku ya mechi pale uwanja wa Green Light mji wote ulihamia huko. Kisha ikaja Arua Hill ya mhandisi Joel Aita, ikapanda 2021. Onduparaka ilishuka 2023, Arua Hill nayo ikaondoka baadaye. Moja ilikuwa ya watu, nyingine ya mtu, na leo hatuna hata moja.

Msimamo wangu: timu ya kulipwa imilikiwe na kampuni. Kampuni ina bodi, ina vitabu vya hesabu, haiugui, haiachi watoto wakigombea urithi, wala haigombei ubunge. Tazameni BUL ya Jinja. Jina lenyewe ni Bidco Uganda Limited, wale wa mafuta ya kupikia, na 2022 iliifunga Vipers fainali ya Kombe la Uganda. Nani anapinga?

Mzee wa Walukuba
Napinga mimi, mwanangu. Ati kampuni haiugui! Bingwa wa 1979 alikuwa Uganda Commercial Bank. Wa 1980 alikuwa Nile, timu ya kiwanda cha bia hapa hapa Jinja. Kabla yao kulikuwa na Coffee, ya bodi ya kahawa. Ziko wapi?

Mfumo ule ulikuwa na uzuri wake, na vijana wa leo hawaujui. Mchezaji alikuwa mwajiriwa kama karani mwingine: asubuhi ofisini, alasiri mazoezini. Akivunjika mguu au miaka ikimpita, kazi yake bado ipo na pensheni inamngoja. Leo kijana akiumia goti anarudi kwao na begi lake. Lakini mpira ulikuwa mgeni ndani ya nyumba ya biashara. Benki ikauzwa kwa Stanbic 2002, bodi ya kahawa ikapoteza ukiritimba wake mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mkurugenzi mpya akija, swali lake la kwanza ni hili: huu mpira unatuuzia nini? Asipojibiwa, anafuta mstari mmoja kwenye bajeti, na shabiki anapata habari redioni. Tajiri angalau utakutana naye harusini umuulize.

Kitende Daima
Shikamoo mzee, umenena. Nani asiyejua Vipers ni ya Lawrence Mulindwa? Aliichukua Bunamwaya, akaifanya Vipers, akaiunganisha na shule yake ya St. Mary's, na 2017 uwanja wake wa Kitende ukafunguliwa. Uwanja wa taifa wa Namboole ulipofungwa, timu ya taifa, Cranes, walicheza wapi mechi za kufuzu Kombe la Dunia mwaka 2021? Kitende! Mwaka 2022 tukaitoa TP Mazembe ya Kongo, tukaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Hakuna bodi iliyokaa kupiga kura. Mtu mmoja aliamua, kazi ikafanyika.

Mwekundu wa Wankulukuku
Na siku mtu huyo mmoja akiamua vingine, kaka? Muulize shabiki wa Villa. Enzi za kiongozi wao Patrick Kawooya walifika fainali ya Afrika 1991, na mwaka uliofuata fainali ya Kombe la CAF. Baadaye, wakishachukua ubingwa wa 2004, wakakaa miaka ishirini bila kombe la ligi, uongozi mmoja ukiingia na mwingine ukitoka. Timu kubwa kuliko zote nchini!

Tena tajiri wa mpira wa Uganda mara nyingi ana kofia ya pili. Mulindwa huyo huyo alikuwa rais wa FUFA, shirikisho la soka la Uganda, kutoka 2005 hadi 2013, na Bunamwaya ikawa bingwa 2010. Sidai kulikuwa na hila. Nasema mwamuzi anayepanga foleni hapaswi kuwa na ndugu ndani ya foleni. Hata sisi Express hatujasalimika na hilo. Ubingwa wa 2021 tuliupata chini ya Kiryowa Kiwanuka, ambaye mwaka huo huo akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Nilifurahi kombe, sikufurahi kofia.

Lakini kumbukeni 1977. Serikali ya Amin iliifungia Express. Isingekuwa timu ya watu, ingezikwa palepale. Ilirudi kwa sababu kulikuwa na watu waliohesabu kwamba ni yao, hata bila karatasi yoyote mkononi.

Mhasibu wa Ntinda
Ndugu zangu, mnagombania kampuni na matajiri ilhali mwenye timu nyingi kuliko wote mmemruka. Msimu wa 2024/25 ligi ilikuwa na timu 16. Hesabuni nami: KCCA ya jiji, URA ya mamlaka ya mapato, Police, UPDF ya jeshi, Maroons ya magereza, NEC ya shirika la jeshi. Sita, zote za serikali! URA imekuwa bingwa mara nne, ya mwisho 2011. Nionyesheni mashabiki wake wanaojaza taksi moja ya watu 14.

Nalipa kodi, halafu kodi hiyo inasajili mshambuliaji wa kuja kuifunga timu yangu.

Sababu si ngumu. Viingilio ni haba, jezi zinauzwa feki barabarani, pesa ya televisheni ikigawanywa haitoshi mishahara. Basi kampuni inakuja kutangaza bidhaa, tajiri anakuja kutafuta jina, serikali inabaki kwa mazoea. Kinachoingiza pesa ya maana ni kuuza mchezaji, kama Farouk Miya alipotoka Vipers kwenda Standard Liège ya Ubelgiji 2016. Mimi ningeuliza maswali mawili kabla ya kumpa yeyote leseni: mchezaji akiuzwa pesa inaingia akaunti ya nani, na hati ya uwanja imeandikwa jina gani?

Binti wa Bombo
Tanzania wamejaribu njia ya kati. Serikali yao ilisema wanachama wabaki na asilimia 51, mwekezaji asipite 49, na ndivyo Mohammed Dewji alivyoingia Simba. Ujerumani nao wana kanuni ya aina hiyo, ila Bayer Leverkusen, timu ya kampuni ya Bayer, waliruhusiwa kubaki nje ya kanuni hiyo, kwa kuwa wafanyakazi wa kiwanda ndio walioianzisha 1904 na kampuni haikuitupa. Kwa hiyo Mzee wa Walukuba, kampuni inaweza kudumu, mradi iwe imekaa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa. Na Villa wamerudi kwenye mfumo wa wanachama, wakachukua ubingwa 2024.

Mtu wa Arua
Dada, asilimia 51 ya kitu gani? Onduparaka ilikuwa ya wanachama kwa mioyo yao, lakini basi la kutoka Arua hadi Kampala linakunywa mafuta, si mioyo. Timu za Kampala zinasafiri kidogo, sisi kila wiki ya pili tuko barabarani. Mwanachama asiyelipa ada ni mtazamaji tu. Bado nasema kampuni, ila iwekwe sharti: ikitaka kujitoa, itoe notisi ya misimu miwili, na jina na rangi zibaki mjini.

Mzee wa Walukuba
Sharti hilo nalikubali, ongezea uwanja. Nakivubo, uwanja mkongwe wa Kampala, ilibomolewa 2017, tajiri Hamis Kiggundu akaijenga upya, na leo inaitwa Hamz. Imependeza. Lakini Villa ya wanachama ikitaka kucheza pale ilipokulia, itakwenda kupanga kwa mtu mmoja.

Kitende Daima
Sisi hatupangi popote. Jumamosi karibuni, mlango wa mashabiki wa ugenini uko upande wa juu.