Auburn Avenue, Atlanta: mnapanda miti na kubadilisha pevingi, fremu za maduka ni za nani?

Wakuu, habari za saa hizi. Naleta ubishi uliotuchukua masaa mawili kwa kinyozi hapa Clarkston, pembeni ya Atlanta, nusura tutoke hatujanyolewa. Kuna jamaa kashikilia kwamba ile mitaa ya zamani ya biashara za watu weusi huku Marekani imechoka kwa sababu haivutii, basi dawa ni pevingi mpya, taa, miti na mabenchi, watu watarudi wenyewe. Mimi napinga. Au niseme napinga mpangilio, maana kivuli nani atakikataa kwenye jua la Georgia la mwezi wa saba.

Chukueni Auburn. Baada ya ghasia za 1906, wazungu walipoua watu weusi katikati ya mji, wafanyabiashara weusi wengi walihamia pale, mtaa ukapanda mpaka 1956 jarida la Fortune likasema ndo mtaa tajiri kuliko yote ya watu weusi duniani. Alonzo Herndon alizaliwa mtumwa, akawa kinyozi, 1905 akaanzisha bima iliyokuja kuitwa Atlanta Life. Redio WERD, ya kwanza Marekani kumilikiwa na mtu mweusi, ilikuwa kwenye jengo la Wamasoni, na chini yake ofisi ya SCLC, shirika la kudai haki la Martin Luther King, sasa wanasimulia King akitaka kuongea hewani anagonga dari na mpini wa fagio, mtangazaji anamshushia maiki dirishani. Raha ile! Haikuletwa na benchi, ni watu waliokuwa na majengo yao wenyewe wakapangishana wao kwa wao.

Halafu haiwei ikaja kuukata mtaa vipande viwili. Leo ukitoka kanisa la Big Bethel kwenda la Ebenezer lazima upite chini ya daraja la hiyo haiwei, kiza, magari yananguruma juu ya kichwa, unajikuta tu umeongeza mwendo. Mwisho wa 2014 ikaletwa tramu, mzunguko wa kama kilomita 4, karibu dola milioni 98, mwaka wa kwanza watu wanapanda bure, 2016 wakaanza kutoza dola moja abiria wakapungua sana. Pesa yote hiyo, na haikumfanya mpangaji hata mmoja awe mwenye fremu.

Karibuni, ila bila matusi.

Dada Msusi: Kaka, mwanaume ndo anaweza kuandika hivyo. Mimi nasuka, kichwa kimoja cha rasta ndogo ndogo naingia nacho saa sita natoka saa mbili usiku, na mteja wangu wa kwanza kuniuliza kwa simu sio bei, anauliza "hapo nje kuna taa?" Kama hakuna anaenda mall. Sasa mimi nisubiri mpaka mjadiliane hati za majengo? Weka taa leo, hati mtabishana kesho. Na hao wenye mali usiwaonee aibu, viwanja vingine pale ni vya makanisa yetu wenyewe, Jumapili vimejaa magari, Jumatatu unaweza kuchezea mpira.

Wa DC: Mimi nipo na mtoa mada. Huku Washington, U Street, nao mtaa wa biashara za watu weusi, iliungua 1968 alipouawa King, miaka ya 80 wakaja kuichimba kwa ajili ya Metro, treni ya chini ya ardhi, shimo miaka na miaka, biashara nyingi zikafia hapo. Mgahawa wa Ben's Chili Bowl wa 1958 ulitoboa, na jengo lilikuwa mikononi mwa familia. Stesheni ikafunguliwa 1991, mtaa ukapendeza kweli, kodi ya pango nayo ikapendeza. Kufika 2011 watu weusi hawakuwa tena nusu ya mji mzima. Barabara ilitengenezwa vizuri, waliovumilia vumbi ndo hawakuwepo kuitembelea.

Mtoa mada: Dada umenibana kwenye taa, sina jibu, taa ziende leo na zianzie chini ya daraja. Ila tofautisha taa na kuvunja barabara. Taa fundi anakuja siku mbili anaondoka. Kuvunja barabara ni miezi, mteja hana pa kupaki, wewe kodi inaendelea, na ikishapendeza mkataba wako umeisha, mwenye fremu anakuletea bei mpya. Kwa hiyo ninachotaka kiandikwe kabla ya trekta kufika: mpangaji afidiwe mauzo ya kipindi cha ujenzi, na kodi yake ya pango isipandishwe kwa miaka kadhaa baada ya hapo, maana hizo pevingi kalipia mlipa kodi sio mwenye jengo.

Hilo la viwanja vya makanisa umelianzisha wewe dada, mimi Jumapili nasali kwenye mojawapo. Nani anamfuata mchungaji kumwambia paking ijengwe fremu?

Dada Msusi: Wewe si ndo unajua kuongea. Mimi Jumapili nipo kazini.