"Migebuka IMEPANDA" ndiyo Kiswahili gani jamani?!

Mama_Kibirizi: Wakuu, nimetoka kikao cha wazazi sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Wa Kigoma mjini lile jitu mnalijua, halihitaji jina. Ndiyo, nimesema LILE JITU. Kwa leo nimelitoa ngeli ya A-WA, kundi la majina ya watu na wanyama, likae LI-YA na magunia.

Nimesimama kueleza kwa nini hela ya chakula cha watoto haitoshi: "Migebuka wamepanda bei." Samaki wetu wa ziwani hao. Halikuniacha nimalize. Likanyanyua kidole mpaka kikagusa paa: "Mama, mi- ni ngeli ya miti. Migebuka IMEPANDA." Ukumbi mzima kicheko, mpaka mpishi! Mimi niliyepara migebuka kabla sijajua kusoma!

Mgebuka anaogelea, anawinda dagaa, leo amekuwa mwembe? Basi na mitume IMESEMA? Vipofu VIMEFIKA? Kile kidole wakuu! Mbele ya mwanangu!

Babu_wa_Gungu: Pole mama. Jamaa kaangalia umbo tu. Bleek na Meinhof, wataalamu wa lugha Wajerumani, tangu karne ya 19, walipanga ngeli za Kibantu kwa viambishi na namba: mtu/watu 1 na 2, mti/miti 3 na 4. Kwa mpango huo mgebuka kweli yuko na mti. Ila siku hizi shuleni tunafuata upatanisho, yaani kitenzi kinavyokubaliana na jina, na mtu au mnyama huvuta A-WA hata akivaa mi- au vi-. Kiboko ametoka majini, viboko wametoka.

Chuma_Chakavu: Mgebuka wa sokoni ana uhai gani? Keshakauka huyo.

Mama_Kibirizi: KeshaKAUKA HUYO! Umejijibu mwenyewe! Mbona hukusema "imekauka hiyo"? Kidole mpaka darini, wakuu!

Chuma_Chakavu: Hela ya chakula yenyewe umelipa lakini?

Mtoto_wa_Isevya: Ngeli ziacheni. Huku Tabora tunauziwa dagaa wa Mwanza kwa jina la dagaa wa Kigoma, mchanga mtupu. Nani atatusemea?

Babu_wa_Gungu: Dagaa wa Mwanza hata sura hawafanani na wetu. Mnadanganywaje?

Mtoto_wa_Isevya: Wanachanganya, mzee. Juu wa Kigoma, chini wa Mwanza.

Mama_Kibirizi: Tulikuwa kwenye kidole jamani.

Chuma_Chakavu: Isevya, kisado mnauziwa bei gani?