Umbali wa kitu kwenye data ya picha: DSLR, simu yenye LiDAR au kipima umbali cha leza?

Mwanzo_Lenzi
Wakuu, habari za humu. Nanunua kifaa wiki hii na nimekwama. Nahitaji picha ambayo ndani yake imeandikwa umbali kutoka kwenye kamera hadi kitu nilichopiga. Nimesoma kwamba EXIF (data ya upigaji inayokaa ndani ya faili la picha) ina kipengele kinaitwa SubjectDistance na kinajazwa kwa mita. Nachagua kati ya DSLR (kamera kubwa ya kubadilisha lenzi) iliyotumika pamoja na lenzi inayotoa umbali, simu yenye LiDAR (kihisi kinachopima umbali kwa leza), au nibaki na kamera niliyonayo niongeze kipima umbali cha leza. Mngenunua kipi?

Picha_Ghafi
Mkuu, hujatupa cha kushika. Unapiga nini? Kiko mbali kiasi gani? Kosa unaloweza kulivumilia ni sentimita ngapi? Kamera uliyonayo ni ipi, na lenzi yake? Anayepima ua na anayepima mnara hawanunui kitu kimoja.

FundiMetadata
Kabla hujatoa hela, chukua picha yoyote uliyonayo, faili halisi kutoka kwenye kadi, uipitishe kwenye ExifTool, programu ya kusoma data hiyo:

`exiftool -a -G1 -s "-*Distance*" picha.jpg`

Usishangae SubjectDistance isipoonekana. Kipengele kipo kwenye kiwango cha EXIF, lakini kamera nyingi haziandiki kitu hapo. Habari yenyewe mara nyingi iko kwenye maker notes, sehemu ambayo kila mtengenezaji anaipanga anavyotaka. Canon huandika namba mbili, FocusDistanceUpper na FocusDistanceLower, yaani umbali upo mahali fulani kati ya hizo mbili. Nikon huweka FocusDistance ndani ya data ya lenzi.

Na ukiona SubjectDistanceRange, huo si umbali. Ni namba ya 0 hadi 3 tu: haijulikani, makro (karibu sana), karibu, mbali. Nimeshaona watu wakiijengea jedwali zima.

Leza_Daima
Mimi nasema leza, na sibadilishi. Unaelekeza, unabonyeza, unaandika. LiDAR ya simu iondoe kwenye orodha yako mapema. Apple walipoileta 2020 walitaja wenyewe kwamba inafika hadi mita 5. Ukitoka hapo simu inakisia.

Mwanzo_Lenzi
Samahani, nilipaswa kueleza tangu mwanzo. Napima urefu wa miti. Umbali ni kati ya mita 8 na 30. Nataka nipige picha tu, halafu nikikaa kwenye kompyuta nipate urefu kwa kuhesabu pikseli. Miti ni zaidi ya 400, ndiyo maana sitaki kuandika namba moja moja kwenye daftari.

Picha_Ghafi
Ungesema "miti" mwanzo tusingezunguka. Sasa tazama hesabu. Urefu wa mti ni umbali mara urefu wa taswira kwenye kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga), gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Kwa hiyo umbali ukikosewa kwa asilimia 6, urefu nao umekosewa kwa asilimia 6. Mti wa mita 12, hizo ni sentimita 72.

Na asilimia 6 siitaji hewani. Kwenye DSLR za Nikon umbali huhifadhiwa kwa baiti moja, kwa ngazi: mita 18.84, kisha 19.95, kisha 21.13. Hakuna namba katikati. Ukisimama mita 20 na nusu, faili haina pa kuiandika 20.5. Hiyo ni kabla hujauliza kama lenzi yenyewe imefokasi sawasawa.

Kioo50
Nampinga anayesema lenzi hazifai, mimi natumia umbali wa lenzi kwa makro na picha za ndani na unanitosha kabisa. Lakini kwa mita 20 nakubali kuna tatizo la kimaumbile. Lenzi ya milimita 50, kutoka kufokasi mbali kabisa hadi mita 20, inasogea milimita 0.125 tu. Kati ya mita 30 na mita 20 ni kama milimita 0.04. Kamera inasoma mahali ilipo pete ya fokasi, na huko mwishoni pete karibu haiendi popote. Tena tundu la lenzi likiwa f/8, ukifokasi kwenye mita 10 na nusu hivi, kila kitu kuanzia mita 5 kwenda mbele kinaonekana kikali. Fokasi ya kamera haina sababu ya kuhangaika na mita moja huku au kule.

Kuta_za_Kale
Ndugu mleta uzi, naomba usome hili kwa utulivu kwa sababu liliniumiza.

Nilikuwa nachora upya sura za majengo ya zamani, madirisha, milango, nguzo. Nikaamua nitumie umbali ulioandikwa kwenye picha ili nipate vipimo bila kupanda ngazi. Nilijaribu nyumbani kwenye ukuta wa mita 3, jibu likatoka vizuri, nikaridhika. Nikaenda kazini siku tisa, picha zaidi ya 600. Lenzi ilikuwa zoom ya kampuni nyingine, si ya mtengenezaji wa kamera.

Niliporudi nikaweka namba kwenye jedwali. Majengo kumi na moja mfululizo yana umbali uleule, wakati nakumbuka kabisa nilivuka barabara mara mbili. Karibu theluthi ya picha umbali wake ni "inf", yaani mbali kusiko na kikomo. Nyingine nilifokasi kwenye mlango, nikageuza kamera kupata paa, basi umbali ni wa mlango. Halafu picha nilizokuwa nimezisahihisha mwanga, programu ilipohifadhi upya ilifuta maker notes, na faili halisi nilikuwa nimeshazifuta kwenye kadi kupata nafasi. Nilirudi kupima upya na utepe, na jengo moja lilikuwa limeshabomolewa. Dirisha lake ninalo kwenye picha, kipimo chake sinacho, na sitakipata tena.

Umbali wa fokasi si umbali wa kitu. Kamera inajua ilifokasi wapi. Haijui ulikuwa unapima nini.

Leza_Daima
Pole sana kaka. Ndiyo maana nasisitiza leza.

Kioo50
Pole mkuu. Ila leza nayo ina lake. Umbali wa fokasi unahesabiwa kutoka kwenye kihisi, kile kialama cha duara lenye mstari juu ya kamera. Leza wewe unaishika mbele ya uso.

Leza_Daima
Tofauti hiyo ni kama sentimita 15, na kwenye mita 20 haifiki hata asilimia 1. Usimtishe mtu.

Kioo50
Kwa mita 8 ni karibu asilimia 2. Simtishi, namwambia ashike leza usawa wa kile kialama, haimgharimu kitu.

Jani_Kavu
Nafanya kazi na miti. Weka fito ya mita 2 iliyopakwa rangi mbili, isimame kwenye shina, piga picha. Kipimo kimo ndani ya picha, huhitaji umbali, huhitaji EXIF, huhitaji kununua kitu. Angalia tu kamera isiinuliwe sana juu, kwa sababu ukiiinamisha sehemu ya juu ya mti inasinyaa kwenye picha na hesabu ya pikseli inakudanganya. Rudi nyuma badala ya kuinua kamera.

Mwanzo_Lenzi
Fito sikuifikiria. Lakini miti mingine iko ng'ambo ya mto, siwezi kufika kwenye shina.

Nimeendesha ile amri. Imetoa FocusDistanceUpper "inf" na FocusDistanceLower mita 15 na kidogo. Mti huo nilikuwa kama mita 18.

FundiMetadata
Basi umeshapata jibu la kamera yako: inasema "zaidi ya mita 15". Si kosa lake, ndivyo inavyojua.

Mpita_Uzi
Swali la pembeni, hivi kwa nini lenzi ziliwekewa umbali kama hauna usahihi?

Kioo50
Kwa ajili ya mwanga, hasa fleshi. Nikon walianza na lenzi za D, zinazoiambia kamera umbali, mwaka 1992. Canon wakautumia kwenye E-TTL II, mfumo wao wa kupima fleshi, mwaka 2004. Kamera ikijua kitu kiko karibu mita 3, haidanganyiki na kioo au shati jeupe. Kwa kazi hiyo makadirio yanatosha.

Mpita_Uzi
Kumbe. Na zile simu zinazofifisha nyuma ya mtu, umbali wake unakaa wapi?

FundiMetadata
Kwenye ramani ya kina, taswira ya pili iliyofichwa ndani ya faili, mara nyingi faili la picha la aina ya HEIC. Si kipengele cha EXIF, ndiyo maana amri ile haikuonyeshi. Na ukiituma kwa programu ya ujumbe mara nyingi inapotea pamoja na metadata nyingine.

Mleta uzi, hiyo picha ya mita 18 tuwekee hapa faili halisi, usiitume kwa simu.

Mwanzo_Lenzi
Naipandisha jioni. Kwa hiyo miti ya ng'ambo ya mto leza, na ya upande huu fito? Au leza kote? Na leza ikipiga kwenye majani badala ya shina inakuwaje?