Matokeo ya jimnastiki Afrika: hizi alama zahesabiwa vipi?

MamaWaKisauni
Asalaam aleikum. Binti yangu wa miaka minane tangu amwone Kaylia Nemour wa Algeria kwenye simu, kitanda changu hakina raha. Nimeyatafuta matokeo yake: Pretoria 2023 alikuwa bingwa wa Afrika wa jumla na wa vyuma (vile viwili vya kuning'inia), kisha Paris 2024 akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya vyuma kwa alama 15.700. Mimi nilijua alama ya juu ni 10. Hiyo 15 yatoka wapi? Na hawa vijana wanaopinduka jioni ufukweni Pirates, hapa Mombasa, wakienda mashindano ya Afrika wangepata ngapi? Mmoja amesema atamfunza mwanangu.

Sarakasi_Pwani
Waleikum salaam, mama. Ujana wangu nimepiga sarakasi kwenye mahoteli ya Nyali na Diani, sasa nafunza watoto.

Alama ya 10 iliondolewa 2006. Siku hizi zajumlishwa mbili. Moja ni ya ugumu, haina kikomo: huhesabiwa vitendo vinane vigumu zaidi, cha kushukia kikiwemo, na nyongeza ukiviunganisha vizuri. Ya pili ni ya usafi: yaanza 10, waamuzi wanakata. Hatua ndogo ukitua, 0.1. Hatua kubwa, 0.3. Ukianguka, 1 nzima. Nemour kwenye vyuma ugumu peke yake unapita 7, na bado miguu yake imebana na vidole vimenyooka.

Vijana wa Pirates nguvu wanayo, wallahi. Mchanga haukurushi, kwa hivyo anayepinduka mara mbili pale ana miguu ya kweli. Lakini mtazame anapotua: magoti yamepanuka, kiwiliwili kimeinama, hatua mbili mbele, ndipo ainue mkono. Watalii wanapiga makofi. Mwamuzi kashakata zamani. Na hilo ni zoezi la zulia tu, la kupinduka sakafuni. Wasichana wana vifaa vinne: meza ya kurukia, vyuma viwili vya kimo tofauti, boriti ya upana wa sentimita 10, na zulia. Ubingwa wa jumla ni vyote vinne pamoja. Mtoto wetu mwenye kipaji ataufikia ukumbi upi wenye vyuma? Hata Nemour amezaliwa na kulelewa kimchezo Ufaransa. Jambo hili laniuma sana, kwa sababu watoto wa kufunza ninao.

KakaWaLikoni
Lakini ndugu, usiidharau sarakasi. Imewapeleka vijana wa Pwani ng'ambo na imejenga nyumba za mama zao. Medali ya Afrika itamlipia nani karo?

Sarakasi_Pwani
Kaka, hata mimi imenilisha. Nasema mtoto wa miaka minane apewe msingi utakaomfaa kote kuwili. Mama, kabla hujamkabidhi, mtazame huyo kijana akifunza wengine. Akianza na kusimama kwa mikono ukutani, kunyoosha mabega na kutua magoti yakiwa sawa, mpe. Akimrusha kinyumenyume siku ya kwanza, mchukue mwanao urudi nyumbani. Shingo haina spea.

MamaWaKisauni
Shukran sana. Jumamosi naenda kumtazama kwanza, binti nitamwacha kwa bibi yake. Na wewe wafundishia wapi? Nitumie ujumbe pembeni.